Kuchimba mtarakwa wa porini kwa bonsai: tazama mizizi kabla ya shina

Ukipanda milima ya Colorado, Marekani, kutafuta mti wa bonsai, yaani mti wa kulea ukiwa mdogo ndani ya chungu kwa mtindo wa Kijapani, macho yatakimbilia shina. Utaona mtarakwa mfupi usiofika kiunoni, umejipinda kwa upepo, nusu yake imekauka ikawa nyeupe, na nusu nyingine ina ukanda mwembamba wa gome unaobeba uhai wote. Moyo utaruka. Tulia. Shina zuri halitaokoa mti usio na mizizi midogo karibu na kitako chake. Haya ninayoeleza hapa yote yanarudi kwenye jambo hilo: mti wa kuchimba ni ule ambao mizizi yake umeishika kwa vidole kabla hujainua chombo chochote.

Mimi ni mzaliwa wa Kinangop, Kenya, na kwetu mtarakwa ni nguzo za ua. Babu alisimika nguzo ambazo mpaka leo zimesimama, na yeye hayupo. Nilipohamia Aurora, hapa Colorado, sikutarajia kukutana na ndugu yake. Mtarakwa wetu, Juniperus procera, ndio pekee katika jamii yote ya junipa uliovuka ikweta kwa asili, na hupanda juu ukanyooka kwa makumi ya mita. Huu wa Milima ya Rocky, Juniperus scopulorum, ni mfupi, na kwenye majabali hudumaa kabisa. Lakini kwangua tawi kavu kwa kisu unuse: harufu ni ile ile ya penseli inayochongwa.

Naandika kwa ajili ya wenzangu walioko huku, Denver, Greeley, Cheyenne, wanaopenda miti na wana sehemu ndogo nyuma ya nyumba. Ukiwa Kenya, mitarakwa ya misitu ya serikali usiiguse. Nunua mche kwenye kitalu, uulee, utakulipa kwa subira.

Kibali kwanza

Hakuna mti wa porini usio na mwenyewe. Ndani ya hifadhi za taifa kama Rocky Mountain National Park, kung'oa mmea wowote ni kosa, na hakuna kibali utakachopewa. Kwenye misitu ya taifa, kama Arapaho na Roosevelt kaskazini mwa Colorado au Pike upande wa kusini, Idara ya Misitu ya Marekani ina ofisi za wilaya, na baadhi ya ofisi hizo huuza kibali cha kuhamisha miti hai. Baadhi, si zote. Piga simu ofisi ya wilaya ile ile unayotaka kwenda, uulize wanaruhusu aina gani ya mti, wa kimo gani, mingapi, na sehemu gani zimefungwa. Ardhi kavu inayosimamiwa na BLM (Bureau of Land Management, idara ya serikali kuu inayosimamia ardhi ya umma) ina utaratibu wake, nayo utauliza hivyo hivyo. Kibali cha matumizi binafsi hakikuruhusu kuuza mti.

Ardhi ya mtu binafsi ndiyo rahisi kuliko zote, na wengi huisahau. Wafugaji wa ng'ombe hawaipendi sana mitarakwa kwenye malisho. Nenda mchana, bisha hodi, jieleze, onyesha picha ya bonsai kwenye simu ili mtu aelewe unachotaka, kisha omba ruhusa kwa maandishi. Karatasi hiyo ikae kwenye gari.

Nasisitiza kibali kwa sababu nyingine pia. Huko Japani, kwenye mlima Ishizuchi wa kisiwa cha Shikoku na majabali ya Itoigawa, wawindaji wa miti walining'inia kwa kamba kung'oa shimpaku, junipa za kwao, na baadhi yao walikufa wakianguka. Leo miti mizuri ya porini huko imekwisha. Iliyobaki iko kwenye vyungu, au imezalishwa kwa vipandikizi vya ile iliyochimbwa. Hapa Marekani bado ipo. Ryan Neil, aliyejifunza kwa Masahiko Kimura, bingwa wa bonsai wa kule Omiya, Japani, kisha akafungua bustani yake ya Bonsai Mirai huko Oregon, ni mmoja wa waliowaonyesha watu wa dunia nzima kwamba junipa ya Rocky inaweza kukaa meza moja na za Japani. Tangu sifa hiyo ienee, wachimbaji wameongezeka. Wewe chimba mmoja utakaoweza kuutunza.

Wakati na vyombo

Nenda mapema majira ya kuchipua, ardhi inapoyeyuka barafu na kabla ncha za majani hazijaanza kurefuka. Kwenye vilima vya chini hiyo ni Machi au Aprili. Ukipanda zaidi inaweza kufika Mei. Wapo wanaochimba Septemba, na miti yao hupona, lakini wana mahali pazuri pa kuihifadhi baridi ikija. Kama ndiyo unaanza, ngoja majira ya kuchipua. Kiangazi usijaribu: jua ni kali, mti unapoteza maji mengi, na alasiri kuna radi milimani.

Vyombo si vingi. Mtaimbo mfupi, sururu ndogo ya mkono mmoja, msumeno wa kukunja, mkasi wa kupogolea uliotiwa makali, glavu ngumu, gunia, kamba, na ile karatasi pana ya nailoni inayovutika ambayo watu hufungia mizigo wakihama nyumba. Ongeza sfagnamu, ule kuvumwani wa kinamasi unaouzwa ukiwa umekaushwa. Uloweke nyumbani, ukamue, uubebe kwenye mfuko. Maji yawe mengi kuliko unavyodhani, ya kwako na ya mti. Usiende peke yako. Simu hazishiki kwenye mabonde mengi, na nyoka wenye njuga mkiani hupenda kuota jua kwenye mawe yale yale yanayopendwa na mitarakwa. Usitie mkono mahali ambapo jicho halijafika.

Kuuchagua mti

Usitafute kwenye udongo mzuri. Mtarakwa ulioota kwenye udongo wa kina umetuma mizizi mbali, na ile midogo inayonywa maji iko mita kadhaa kutoka kwenye shina. Ukiukata utabaki na gogo na vijiti vinne. Tafuta kwenye vibakuli vya mwamba: mahali jabali lilipobonyea, udongo na majani makavu yakajaa humo, na mti ukaota ndani ukakosa pa kwenda. Hapo jiwe limekufanyia kazi ambayo mtunza bonsai huifanya kwa chungu kwa miaka mingi. Mti wenye shina la unene wa kifundo cha mkono unaweza kuwa umezidi miaka 100, kwa kuwa kila mwaka huongeza kidogo mno. Kule Logan Canyon, Utah, upo mmoja unaoitwa Jardine Juniper unaokadiriwa kuwa na miaka 1,500 hivi, nao umekaa kwenye jabali.

Ukiupata wa kukuvutia, piga magoti. Shika shina kwa chini, ulisukume taratibu mbele na nyuma, na macho yawe ardhini. Ukiona udongo wote unaozunguka kitako unainuka na kushuka pamoja na mti, kipande kimoja, unatikisika kama jino la mtoto linalotaka kung'oka, hiyo ni dalili njema: mizizi imebanana mahali pamoja. Ikiwa shina linagoma kabisa, au linacheza lenyewe na udongo umetulia, huenda kuna mzizi mmoja mnene uliozama kwenye ufa.

Kisha tumia vidole. Ondoa majani makavu ya juu, polepole, mpaka ufikie ile tabaka nyeusi yenye unyevu. Hapo sugua kidogo. Unachotafuta ni nyuzi nyembamba, za kahawia, zilizosukana na udongo, nyingine zikiwa na ncha nyeupe iliyo hai. Zivute kidogo: zilizo hai zinanyumbuka, zilizokufa zinakatika na kuvunjika vumbi. Ukizikuta nyingi ndani ya shibiri moja au mbili kutoka kwenye shina, mti huo unachimbika. Usipozikuta, rudishia majani yake na uende.

Shemeji yangu, ambaye hunisaidia kubeba, bado jambo hili linamuuma.

"Shemeji, huu je? Angalia lilivyojizungusha!"

"Shina nimeliona. Nionyeshe mizizi."

Akafukua, akafukua, akanionyesha mzizi mmoja unene wa mpini wa jembe umeingia kwenye ufa wa jiwe, bila uzi hata mmoja.

"Basi tuuache?"

"Tuuache. Utaishi hapa kuliko sisi."

Kuna siku tunazunguka tangu asubuhi na kurudi bila mti. Siku hiyo haijapotea, kwa sababu miti iliyoachwa iko hai.

Jambo jingine la kukagua kabla ya kuamua ni mishipa hai. Mtarakwa mkongwe hauishi wote kwa pamoja. Sugua gome lililolegea kwa kiganja, au kwa brashi laini, utaona chini yake rangi nyekundu ya hudhurungi: huo ndio ukanda hai. Ufuate kwa kidole kutoka tawi lenye majani mpaka ardhini, ujue unaingia kwenye mzizi upi. Mara nyingi mzizi mmoja hulisha mshipa mmoja, na mshipa huo hulisha tawi lake tu. Ukikata mzizi usio sahihi, tawi zuri kuliko yote litakauka na mti uliobaki uendelee kuishi. Nafunga utepe wa rangi kwenye mzizi unaolisha matawi ninayoyataka, ili nikianza kukata mkono usisahau.

Kuchimba

Mwagia maji kwanza, yapate kushuka. Udongo mkavu humomonyoka ukaanguka kutoka kwenye mizizi, na udongo huo wa porini ndio unaotaka kurudi nao nyumbani.

Anza mbali na shina kuliko unavyohitaji. Kwa sururu, chora duara kuzunguka mti, kisha shuka kidogo kidogo. Kila mzizi mnene unaouvuka, ufukue pande zote mbili, uangalie kama una utepe, na kama una mizizi midogo kati ya hapo na shina. Ikiwa ipo, kata kwa msumeno upande wa nje. Mkato uwe safi. Mzizi uliochanika huoza. Kwenye kibakuli cha mwamba kazi ni tofauti: unapitisha mtaimbo kati ya udongo na jiwe, unainua upande mmoja sentimita moja au mbili, unahamia upande mwingine. Usivute kwa shina. Shina likitumiwa kama mpini, nyuzi zote ulizozitafuta kwa vidole zinakatika chini bila wewe kuziona.

Sehemu kavu nyeupe za mti huwa zinavunjika kwa kugongwa kidogo tu, na hazioti tena. Zifunge kwa kitambaa kabla hujaanza. Matawi marefu yaliyo hai yakunje juu na kuyafunga kwa kamba. Usiyapogoe! Nguvu ya junipa iko kwenye majani yake. Hayo ndiyo yatakayotengeneza mizizi mipya. Nimewasikia watu wakisema punguza majani ili yalingane na mizizi iliyobaki. Kwa mtarakwa, ushauri huo unaua.

Mti ukiachia, mwenzako atandaze gunia pembeni. Uinueni kwa kushika udongo wake kwa chini, muulaze, mjaze ile sfagnamu iliyolowekwa mahali palipo wazi, mkunje gunia, kisha mzungushe nailoni kwa kukaza mpaka kifurushi kiwe kigumu na kisicheze. Hapo tu ndipo mti unaposafiri. Majani yabaki nje, na ukiubeba kwenye gari la wazi nyuma, yafunike. Upepo wa barabara kuu huyakausha kwa saa moja.

Kabla ya kuondoka jaza shimo, rudisha mawe na majani makavu. Kama mti wako ni jike na una vile vitunda vya buluu vyenye unga mweupe, viache vichache pale pale. Ndege huvila na kuvipanda.

Nyumbani

Tengeneza sanduku la mbao linalozidi kifurushi cha mizizi kwa vidole viwili kila upande, si zaidi. Sanduku kubwa hukaa na maji mengi ambayo mizizi haiwezi kuyanywa. Chini toboa matundu mengi na uweke wavu. Mchanga wa kupandia ni pamisi, lile jiwe jepesi la volkano lenye vitundu, ambalo nyumbani tunasugulia visigino. Huku huuzwa likiwa limesagwa. Chekecha upate punje za milimita 3 hadi 10, na unga wote uutupe, kwa sababu unaziba hewa.

Usioshe mizizi. Udongo wa porini uache kama ulivyo, isipokuwa ule unaoanguka wenyewe. Weka mti kwenye tabaka la pamisi, ufunge kwa waya au kamba mpaka ukishika shina sanduku zima liinuke. Hili wengi hulirahisisha. Mti unaotikisika na upepo hukata kila siku ncha mpya za mizizi uliyoihangaikia. Kisha jaza pamisi pembeni, ukiisukuma kwa kijiti ishuke kwenye mapengo, bila kukandamiza. Mwagilia mpaka maji yanayotoka chini yawe safi.

Mahali pa kuuweka ni pale penye jua la asubuhi, pasipopigwa na upepo. Upepo wa Colorado ni adui kuliko jua. Nyunyizia majani maji mepesi mara kadhaa kwa siku katika wiki za mwanzo, lakini sanduku lenyewe usilinyweshe kwa mazoea: chimba kwa kidole, na kama sentimita mbili za juu zimeanza kukauka ndipo umwagilie, umwagilie hasa. Ukiweza, weka chini ya sanduku mkeka wa umeme wa kuoteshea mbegu, ukishikilia joto la nyuzi 20 hivi za Selsiasi. Mizizi hupenda chini pakiwa na joto na juu pakiwa na ubaridi.

Sasa ni kungoja, na hapa mtarakwa unadanganya. Mti uliokufa unaweza kubaki kijani kwa miezi. Kwa hiyo usifurahie ukijani peke yake, angalia ncha. Mti unaopona hutoa ncha za kijani kilichochangamka, nyepesi kuliko majani ya zamani, na zinarefuka wiki hadi wiki. Mti unaoondoka hupauka: kijani kinageuka kijivu, halafu majani yanakuwa makavu ukiyabana kwa vidole. Ukiona baadhi ya vichipukizi vinatoka na miiba miiba badala ya magamba laini, huo ni mshtuko, na kwa kawaida hupita wenyewe. Mbolea usitie hata chembe mpaka ncha zimerefuka kweli kweli.

Mara kwa mara shika karatasi nyeupe chini ya tawi uligonge. Vidoa vinavyotembea ni utitiri. Puliza maji kwa nguvu upande wa chini wa majani, urudie kila baada ya siku chache. Majira ya kuchipua yakiwa na mvua, angalia uvimbe unaotoa ulimi wa rangi ya machungwa unaoteleza. Hiyo ni kutu, ugonjwa wa kuvu unaohamia kwenye mitofaa na kurudi, hivyo kata tawi hilo, na kama jirani ana mtofaa, sogeza mti mbali.

Baridi ikija, shusha sanduku chini, ukingo wa kaskazini au mashariki wa nyumba, ulizungushie vipande vya magome ya miti mpaka ukingoni. Usiuingize sebuleni, unahitaji kulala. Majira ya baridi ya Denver ni makavu, na kuna siku za Januari zenye joto ambapo udongo huyeyuka. Siku hizo mwagilia.

Mwaka wa kwanza usikate, usikunje, usifunge waya. Mwaka wa pili, kama umekua kwa nguvu, unaweza kusafisha sehemu kavu na kuchagua upande wa mbele. Kuuhamishia kwenye chungu ni mwaka wa tatu au zaidi, na hata hapo ondoa udongo wa porini kwenye nusu moja tu ya mizizi, uweke pamisi mahali pake, na nusu ya pili uiache mpaka uhamisho utakaofuata.